Haya Mbele ya Tabibu

Katika masuala ambayo wanavyuoni wa mwambao wetu wameyazungumza kwa urefu, misikitini na barazani, ya twahara na mirathi, ya eda na nadhiri, ya kilicho halali kuliwa na kilicho haramu, lipo moja ambalo halizungumzwi kwa kadiri linavyostahili, kwa kuwa jambo linalolizua ndilo hilo hilo lifungalo vinywa vya wale lililowafika. Mwanamke ameota kipele kinachouma titini mwake, au jipu, au uvimbe asioujua jina. Amekifunika kwa kanga siku ya kwanza, akakifunika siku ya pili, na wiki zikapita akipika, akifua na akipokea wageni kwa uso mkunjufu, huku usiku halalii ubavu ule. Hakumwambia mume wala mama, wala hakwenda kwa tabibu, kwa sababu mahali panapouma ni mahali pa stara. Je, mwanamke huyu amemcha Mola wake kwa haya yake, au ameidhulumu amana aliyokabidhiwa?

Wapo watakaosema kwamba suala hili ni la madaktari, na kwamba mwenye kushughulika na dini aliache. Mimi naona ni la dini kabla ya kuwa la tiba, kwani anyamazaye aghalabu haikosi njia ya zahanati. Anaijua, amewahi kuipita mara nyingi akimpeleka mtoto mwenye homa au mama mkwe mwenye shinikizo la damu, na kinachomzuia safari hii ni itikadi, yaani kuamini kwamba ukimya wake ni wema na kwamba kusema kutampunguzia kitu katika heshima yake mbele ya watu na mbele ya Mungu. Itikadi hujibiwa kwa hoja za itikadi, na dawa haifiki mahali ambapo hoja haijatangulia.

Wengine hutuhumu Uislamu kwa ukimya huu, na tuhuma hiyo haisimami. Herodotus, mwandishi wa tarehe wa Kiyunani aliyeishi karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, amesimulia habari za Atossa, binti wa mfalme Cyrus na mke wa Darius aliyetawala Uajemi, jinsi alivyoota kitu katika titi lake, kikapasuka na kuenea. Na asema kwamba kilipokuwa kidogo malkia alikificha kwa haya, asimwambie mtu, hata kilipomzidia ndipo alipomwita Democedes wa Croton, tabibu wa Kiyunani aliyekuwa amezuiliwa katika nchi ya Waajemi pasipo hiari yake. Democedes alimtaka aape kwamba akipona atamtimizia ombi atakalomwomba, naye kwa upande wake akamhakikishia kwamba halitakuwa ombi la kumtia aibu. Malkia akapona. Wataalamu wa zama zetu wamebishana kama lilikuwa jipu au lilikuwa saratani, na wengi huona kwamba kupona kwake kunaelekea zaidi kwenye jipu; lakini kwangu mimi la kutazamwa ni kwamba mwanamke aliyekuwa na enzi, mali, wajakazi na matabibu wa nchi mbili, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kushuka Qurani, alifanya lilelile afanyalo mwanamke wa Pemba au wa Lamu leo. Ufukara haukumzuia, wala dini yetu haikumzuia. Na tabibu yule, kwa akili yake, alijua kwamba mgonjwa wa namna hii hutulizwa kwanza hofu ya aibu kabla ya kutibiwa kidonda.

Sasa ni wajibu tuseme ni nini hasa kinachofichwa, maana hofu hukua pale ambapo jambo halina jina. Ngozi ya titi ni ngozi ileile ya mwili mzima: ina vinyweleo, ina tezi za jasho na za mafuta, na hupatwa na kila kipatacho ngozi ya shingo au ya paja. Chini ya titi, mahali ngozi inapolaliana na ngozi, jasho la kaskazi na msuguano wa sindiria huleta harara, fangasi, na vipele vya mashina ya vinyweleo. Na kijidudu kiitwacho stafilokoka, ambacho huishi puani na juu ya ngozi za watu wengi wazima pasipo kuwadhuru, kikipata upenyo hufanya jipu lenye kichwa, lenye joto na lenye kuuma kila likiguswa na nguo. Kuna inzi wa nchi zetu za joto ambaye hutaga mayai katika nguo zilizoanikwa mchangani au kivulini zikabaki na unyevu, na buu lake huingia katika ngozi ya mvaaji, likafanya uvimbe unaodhaniwa kuwa jipu, wenye tundu dogo juu yake na wenye kuchoma na kutekenya; na kinga ya inzi huyu si azima, ni pasi ya moto ipitishwe sawasawa kwenye mishono. Malengelenge yanayojipanga upande mmoja tu wa kifua, yakitanguliwa na maumivu ya kuunguza, ni mkanda wa jeshi, ambao dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku 3 za mwanzo. Na vile vijinundu vidogo vinavyoizunguka chuchu katika sehemu iliyokoza rangi, ambavyo mwari huvigundua siku moja akashtuka, si maradhi kamwe. Ni tezi za mafuta, nazo hutokeza zaidi wakati wa mimba.

Wako pia wanawake ambao vinundu vya maumivu huwarudia makwapani na chini ya matiti mwaka baada ya mwaka, vikipasuka na kuacha makovu na vijia vya usaha chini ya ngozi. Maradhi haya hayatokani na uchafu wala hayaambukizi, na wengi walioyapata wamebeba fedheha ya kudhaniwa kuwa hawaogi, ilhali huoga kuliko wanaowasengenya. Nayataja kwa makusudi, kwa kuwa hapa ndipo ukimya unapozaliwa: mtu hukificha kipele kwa sababu jirani amekwisha kumhukumu kabla ya tabibu kumtazama. Mmoja atasema ni najisi, wa pili atasema ni kijicho cha mke mwenza, wa tatu atanong'ona kwamba ni malipo ya dhambi fulani. Sikatai kwamba hasadi ipo, wala mwenye imani hakatai. Ila sijapata kuona aya wala hadithi inayosema kwamba kila jipu lina mwenye kulituma, na kumtuhumu mtu asiye na hatia kwa usaha wa mwingine ni dhambi iliyo dhahiri zaidi kuliko ile inayotafutwa kwa mgonjwa.

Mwenye kunyonyesha ana hesabu yake peke yake. Maziwa yakisimama katika sehemu ya titi, au chuchu ikipasuka, huweza kutokea uvimbe mwekundu wenye joto, pamoja na homa na mwili kuuma kama wenye malaria, na mara nyingi hutokea katika wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Akina bibi humwambia mzazi aache kunyonyesha kwa kuwa maziwa yameharibika, na ushauri huo, ingawa umetoka katika huruma, humdhuru, kwani maziwa yakizuiliwa ndani uvimbe huzidi, na mtoto hadhuriki kwa kuendelea kunyonya. Homa na wekundu visipopungua baada ya siku moja, au vikiwa vikali tangu mwanzo, aende akatazamwe. Na akiisha kupewa dawa, siku 2 au 3 zikapita pasipo nafuu, arejee, maana huenda usaha umekwisha kukusanyika, na usaha uliokusanyika hauondoki kwa vidonge peke yake, sharti utolewe kwa sindano au kwa kupasuliwa na mkono uliofundishwa. Kabla ya mwaka 1928, Alexander Fleming alipoigundua penisilini mjini London, na kabla haijawafikia wagonjwa katika miaka ya 1940, mzazi aliyepata jipu la titi alikuwa mikononi mwa bahati. Leo hayuko hivyo, na kumwacha kana kwamba bado yuko hivyo ni jambo linalohitaji udhuru mkubwa kuliko haya.

Hapa nafika kwenye fumbo linalonishughulisha zaidi katika habari hii yote. Maumivu hayana elimu ya hatari. Kipele kinachomfanya mwanamke asilale aghalabu ni kitu kidogo, ambacho kitambaa safi cha maji ya moto kiasi, kikiwekwa dakika 10 au 15 mara kadhaa kwa siku, pamoja na kuacha kukibinya, hukiivisha na kukimaliza katika wiki moja au mbili. Na uvimbe wa saratani mara nyingi huanza pasipo kuuma hata chembe, ukakaa ndani ya nyama mgumu na mtulivu, ukisubiriwa na mwenyewe kwa kuwa haumsumbui. Kwa hiyo mtu mmoja huyohuyo hutetemeka kwa jipu na hudharau kinundu, na kama angefuata hisia zake tu angekosea mara mbili. Sitaki kusema kwamba kila kinachouma ni salama, maana ipo saratani ya titi inayokuja kwa wekundu, joto na kuvimba, ikashabihi kabisa uvimbe wa mnyonyeshaji kwa mtu asiyenyonyesha, ikaenea katika wiki chache, ngozi ikawa nene yenye vishimo kama ganda la chungwa, na dawa za kuua vijidudu zisiifanye lolote. Na ipo nyingine inayojificha katika ukurutu wa chuchu moja, unaopakwa marhamu miezi kadhaa pasipo kupona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti na 670,000 walikufa kwayo, na katika nchi zetu wengi hufika hospitalini maradhi yakiwa yamekwisha kutembea mbali.

Basi mwenye akili hakiulizi kipele chake kama kinauma. Hukiuliza kinakwenda wapi. Kikiwa kinapungua siku baada ya siku, akiache kipone. Wekundu ukienea, homa ikipanda, michirizi myekundu ikielekea kwapani, au mwenyewe akiwa na kisukari au udhaifu wowote wa kinga ya mwili, asingoje kesho. Jipu likikua kwa siku kadhaa pasipo kupasuka, au likipona na kurudi palepale, hasa karibu na chuchu kwa mwenye kuvuta sigara, apeleke mwili wake kwa anayejua. Na kinundu kigumu titini au kwapani, chuchu iliyoingia ndani ambayo zamani haikuwa hivyo, damu itokayo chuchuni, ngozi iliyokunjamana, kidonda kisichofunga: haya hayana muda wa kusubiriwa hata yasipouma, na badiliko lingine lolote lililopita wiki mbili lisipewe ya tatu.

Wengi watajibu kwamba wao hawasubiri kwa uzembe, wanasubiri kwa tawakali. Jibu hili lina uzito, na sipendi namna baadhi ya waliosoma wanavyolicheka. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilipima kwa mizani ambayo sijaona bora kuliko hiyo. Alizigawa sababu za kuondoa madhara katika daraja tatu: zilizo yakini, mfano wa maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa, zilizo dhana yenye nguvu, mfano wa dawa za matabibu na kuumika, na zilizo wahamu, mfano wa kuchoma kwa moto na azima. Kuacha zile za yakini, asema, hakuna uhusiano wowote na tawakali, na mtu akihofia kufa kuziacha ni haramu. Kuzitumia zile za dhana hakuiharibu tawakali. Na mwenye kutaka tawakali kamili huziacha zile za mwisho. Ajabu ni kwamba miongoni mwetu wapo waliopindua mizani hii juu chini: mgonjwa atakunywa kombe na kuvaa hirizi kwa miezi, kisha aiite hospitali ndiyo upungufu wa tawakali.

Lakini kuna jambo ambalo Ghazali hakuwa na njia ya kulijua. Daraja zile ni za hukumu, na hukumu hukaa juu ya hali halisi, na hali halisi imehama. Al-Zahrawi wa Kurtuba, mpasuaji mkubwa kuliko wote katika Uislamu, aliyetangulia Ghazali kwa karibu karne nzima, aliandika kwa unyofu kwamba saratani ikiwa kubwa na ya siku nyingi haifai kuikaribia, na kwamba yeye hakuwahi kuiponya wala hakumwona mwingine aliyeiponya. Wakati ule mwanamke aliyesema nitamwachia Mungu alikuwa na hoja, kwani hata mjuzi wa wajuzi alisema vivyo hivyo. Leo jipu likitobolewa vyema hupona kwa namna isiyobishaniwa, karibu kama mkate unavyoshibisha, na kinundu cha saratani kikikutwa kingali kidogo, wengi wa wenye nacho hutibiwa na kuishi. Tiba hizi zimepanda kutoka daraja ya dhana zikaikaribia yakini, na mwenye kuziacha hajui kwamba amesimama mahali tofauti na pale waliposimama mabibi zake, ingawa maneno yake ni yaleyale.

Hutolewa pia mfano wa Nabii Ayubu, ambaye subira yake imeimbwa katika tenzi zetu. Anayeutoa hutaja mateso na huruka mwisho wa kisa. Ayubu hakunyamaza; alimlalamikia Mola wake kwamba madhara yamempata, na alipojibiwa hakuponywa papo hapo pasipo wasita, bali aliamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kuoga na kunywa. Mwenye uwezo wa kumponya bila maji alichagua maji. Na Khalifa Umar, alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia tauni imeingia huko, alirudi nyuma na watu wake. Abu Ubaida, sahaba mwenzake, akamhoji kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kuingia katika kadari ya Mungu. Zahanati nayo ni kadari.

Imebaki haya yenyewe, nami siidharau. Ni tawi la imani, na ulimwengu ulioipoteza haunipendezi. Ila haya ya Kiislamu haijapata kuwa kizuizi cha kujua. Umu Sulaim, mwanamke wa Kiansari, alimwendea Mtume akamwuliza, mbele ya mkewe, suala la siri kabisa la twahara ya mwanamke, na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Wakristo wenzetu nao wanalo fundisho la jirani na hili katika kisa cha Injili cha mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, akajipenyeza kwa siri katikati ya umati ili aponywe pasipo mtu kujua, na hakuachwa aende zake katika siri ile. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa Shafii wa pwani hii wamekipigia magoti kwa vizazi, aliweka wazi kwamba kutazama na kugusa kunaruhusiwa kwa ajili ya kuumika na kutibu. Na wenye kukifafanua wamepanga taratibu zake, kwamba mwanamke atazamwe na mwanamke akipatikana, asipopatikana atazamwe na mwanamume mbele ya mahramu wake au mwanamke mwaminifu, na kifunuliwe kilicho na haja ya kufunuliwa tu. Jambo hili si geni hata kwa asiyesoma kitabu, kwani wahenga wamesema mficha uchi hazai, na hakuna nyumba ya Kiswahili, hata iwe na pazia nzito kiasi gani, ambayo haikumfungulia mkunga. Aliyejifunua kwa mkunga akimleta mtoto duniani atajifichaje kwa muuguzi akiwa yeye mwenyewe yuko katika hatari ya kutoka?

Na kama nyumba zetu zina mtu wa kulianza jambo hili, naona ni somo, ambaye humfundisha mwari hedhi na usafi na mambo ya ndani ambayo mama huona haya kuyataja. Mwanamke aliyefundishwa na somo wake kulijua titi lake lilivyo siku za kawaida, mwezi hadi mwezi, hahitaji ujasiri mkubwa kusema siku limebadilika. Lakini wajibu hauko upande mmoja; zahanati nayo inao wake. Mgonjwa anayeulizwa kwa sauti kubwa kwenye benchi, mbele ya wanaume wanaongoja zamu, anaumwa wapi, hujibu kwamba ni kichwa, akaandikiwa dawa ya kichwa, akarudi nayo nyumbani pamoja na jipu lake. Humtosha pazia lililofungwa na muuguzi wa kike aliyesimama karibu, na mwenye kumnyima hayo asishangae akija amechelewa.

Namalizia na wanaume, ambao huenda wamesoma mpaka hapa wakidhani hawamo. Mwanamume naye ana titi, huota humo majipu na vinundu, na katika kila wagonjwa mia wa saratani ya titi karibu mmoja ni mwanamume. Uchi wake kwa mujibu wa sharia ni baina ya kitovu na magoti. Kifua chake hakimo, na mvuvi hushinda kifua wazi ngalawani tangu alfajiri pasipo fakihi yeyote kumkemea. Hata hivyo kikimwota kinundu kando ya chuchu hukificha pengine kuliko mkewe, akisema kwamba hayo ni maradhi ya kike na kwamba watu watamcheka; na hapo hapatakuwa na kitabu cha fiqhi atakachokifungua akakuta udhuru wake.